Rubisi ya Kuombea Radhi

Mtoto wa mtu akirudishwa kutoka chuoni katikati ya muhula, kijiji kizima kinapata kazi ya kufanya. Watu ambao juzi tu walitoka gulioni Mugoma na chumvi tele wakaanza kuazima chumvi kwa Felisita, mama wa mtoto. Wengine walipita kuulizia kuku aliyepotea, na kuku mwenyewe hata hawakumkumbuka rangi. Wote shingo zilikuwa uani, kwa binti yake Ineza, na wote walimkuta anapepeta maharage, uso mkavu, akiwaamkia vizuri kabisa, shikamoo mama, shikamoo baba, karibuni. Hilo ndilo lililowaudhi. Walitaka wamkute analia.

"Kwa hiyo amefukuzwa?" jirani mmoja aliuliza, chumvi yake mkononi.

"Amesimamishwa," Felisita alijibu. "Ataitwa mbele ya bodi ya chuo, na sisi wazazi."

"Eeh. Kusimamishwa, kufukuzwa, si ni yale yale, mama Ineza?"

Felisita akamsindikiza hadi njiani. Miaka yote aliyouza ndizi na kuvaa kitenge kimoja hadi kikapauka, alikuwa anangoja siku moja tu, siku mtoto wake atakapoitwa mwalimu. Ulikuwa umebaki mwaka mmoja na kidogo. Sasa usiku alikuwa akilala macho wazi, akimhesabia mumewe pumzi.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Kwenye Chuo cha Ualimu Rwamuganga, upande wa Biharamulo, wanachuo walikuwa wakitolewa darasani saa za vipindi kwenda kupalilia shamba la mahindi. Shamba si la chuo. Lilikuwa la mkuu wa chuo, Mwalimu Kazimili, na mahindi yalikwenda kwake. Ineza na rafiki yake Zulfa, binti wa muuza vitambaa wa mjini Biharamulo, siku moja walibaki darasani. Wakakaa tu, madaftari mezani, wakimngoja mwalimu. Kesho yake darasa zima likabaki. Kufikia mwisho wa mwezi walikuwa na umoja wao wakauita Wima, na Wima haukukaa chuoni. Ulivuka ukafika kwa vijana wa Nyakisasa, kwa waendesha bodaboda, mpaka kijijini kwao Ineza.

"Hebu nieleze tena," Idefonsi alimwambia binti yake jioni hiyo, wakiwa wanakula. "Huo Wima unataka nini? Nieleze polepole. Baba yako ni mtu wa jembe."

"Tunataka mkubwa aulizwe, baba, na ajibu. Basi. Hata awe monita wa darasa. Kiongozi wetu sisi anakaa muhula mmoja, anampisha mwingine. Zawadi ya mkubwa hatupokei. Hatuombi radhi kwa kusema kweli. Na mmoja wetu akifukuzwa kwa kusema kweli, tunatoka naye."

"Mnatoka nani na nani?"

"Wote."

Idefonsi alicheka kidogo, kicheko cha mtu asiyetaka kumvunja mtoto moyo. "Na hawa wa hapa kijijini, waliosimama mkutanoni wakamtaka mtendaji Shibuda asome mapato na matumizi, nao ni Wima?"

Ineza aliinamia sahani. Aibu haikumshika hata kidogo. Alikuwa anaficha tabasamu. Idefonsi akasukuma ugali wake pembeni.

"Mana yanje," alisema kwa lugha ya kwao. Mungu wangu. "Ineza, sisi si kama wengine. Wengine wakiuliza wanajibiwa. Sisi tukiuliza, tunaulizwa tumetoka wapi."

"Baba, wewe umezaliwa hapa."

"Najua nilikozaliwa! Unafikiri sijui?"

Felisita akamrudishia mumewe ule ugali, akautazama ukuta.

Hawakukaa sana, mtendaji wa kijiji akawaita, bwana na bibi. Walimkuta Shibuda ofisini anatafuna muwa, maganda anatemea kwenye kopo la rangi. Kulikuwa na viti viwili vya wageni. Juu ya kimoja aliweka miguu, juu ya kingine palikuwa na kofia yake, na hakuna kilichoondoka. Idefonsi na mkewe wakasimama.

"Mkuu wa chuo amenipigia simu," Shibuda alisema. "Mwanenu anafundisha watoto wa watu siasa za ng'ambo ya mpaka."

"Za ng'ambo wapi, mtendaji? Amekulia hapa hapa."

"Idefonsi, wewe umezaliwa wapi?"

"Si unajua. Pale juu, nyuma ya zahanati."

"Nyuma ya zahanati." Shibuda akakata kipande kingine cha muwa. "Una shahidi?"

"Shahidi ni wewe! Tumesoma darasa moja, tumechungia mbuzi mahali pamoja."

"Aa, siku hizi nasahau sana. Uzee huu." Shibuda alikuwa na umri sawasawa na Idefonsi, tena mnene wa afya. "Maombi yenu ya vitambulisho vya taifa yako hapa mezani kwangu. Yanataka mtu wa kuthibitisha. Sasa mtoto akitulia, nadhani hata mimi kichwa kitatulia, nitakumbuka. Asipotulia, nitaandika kwamba simfahamu mtu huyu. Kazi kwenu. Mama Ineza, hujambo lakini?"

"Sijambo, mtendaji," Felisita alisema. "Asante." Alijichukia kwa ile asante njia nzima.

Na njiani huko huko ndiko alikopata wazo. Nasema alilipata yeye, si mumewe. Mumewe alikuwa anatembea kama mtu aliyebeba gunia, hana wazo lolote.

"Tumpelekee Mwalimu Kazimili rubisi," Felisita alisema.

Idefonsi akasimama.

Kwa watu wa kwao, tangu enzi za babu waliovuka mpaka, ugomvi haukatwi kwa maneno matupu. Mzazi anapika pombe ya ndizi, rubisi nzuri ya kutiwa unga wa mtama, anaitia kwenye kibuyu, anatafuta msemaji mwenye ulimi laini. Wanakwenda nyumbani kwa aliyekasirika. Msemaji anasema: mtoto amekosa, na sisi wazazi tumekosa, tunaomba unywe. Hakuna anayeuliza kosa lilikuwa lipi, wala nani alianza. Hata asiye na kosa husema amekosa, maana maneno yale ni kama hodi tu mlangoni. Mwenye nyumba akishaweka mdomo kwenye mrija akavuta, yamekwisha. Anayeyafufua baada ya hapo watu humkwepa hata msibani. Felisita alikuwa ameona mashamba yakirudishwa kwa mrija, na wake waliokimbia wakirudi.

"Atakubali?" Idefonsi aliuliza.

"Kwao ni Nyarubungo, amekaa na watu wetu maisha yake yote. Atashindwaje kujua?"

"Na Ineza?"

"Ineza asijue."

Idefonsi alivuta pumzi, na kwa mara ya kwanza tangu mtoto arudishwe, mabega yake yalishuka. Felisita alifurahi kumwona hivyo. Alifurahi sana, masikini.

Wakazika ndizi shimoni ziive, na zilipoiva Idefonsi akazikamua kwa nyasi ndani ya mtumbwi wa kukamulia. Felisita akakaanga mtama, akasaga. Harufu ikajaa ua mzima, nzito na tamu. Ineza akaja na kikombe, akachota juisi kabla haijachacha, kama alivyozoea toka utotoni.

"Kuna sherehe gani?"

"Ya baba yako mkubwa," Felisita alisema bila kugeuka. "Wanabatiza mjukuu."

"Wamenisubiri nifukuzwe ndipo wabatize. Baba mkubwa ana bahati, amepata mpishi wa bure." Akacheka, akakunja mikono, akamsaidia mama yake kuchuja. Walichuja pamoja asubuhi yote, Ineza akimsimulia jinsi Zulfa anavyoogopa vyura, msichana asiyemwogopa mkuu wa chuo. Felisita alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha yakakataa kukoma, ikabidi asingizie moshi.

Msemaji alikuwa Matiasi, kaka mkubwa wa Idefonsi, mtu aliyewahi kuwaombea radhi majambazi wakasamehewa. Walifika kwa Mwalimu Kazimili siku ya Jumapili, baada ya ibada. Mkewe aliwachungulia, akakiona kibuyu, akawaambia wazunguke nyuma, kwani mbele kulikuwa na wageni. Wakapita penye banda la nguruwe, nguo zao za kanisani zikigusa ukuta. Wakakalishwa kwenye benchi la jikoni. Wakangoja hadi wageni wa mbele wakala, wakanywa soda, wakaagana.

Kazimili alikuja na simu sikioni, anazungumza habari za mbolea. Alipomaliza, Matiasi akasimama, kofia kifuani, akasema vizuri mno. Alisema mtoto ni wa wote, na jiko likitoka moshi si la kubomolewa. Akamaliza kwa maneno yenyewe: "Mtoto amekosa, mzee, na sisi wazazi tumekosa. Tunaomba unywe."

"Amekosa," Kazimili alirudia taratibu.

"Amekosa, mzee."

"Baba mzazi, na wewe unasema hivyo?"

"Amekosa," Idefonsi alisema.

"Mama?"

Kwenye desturi mama haulizwi. Hakuna anayeulizwa mmoja mmoja. Lakini mume wake alikuwa anamtazama kwa macho ya kusihi, na kibuyu kimeshafunguliwa. "Tumekosa," alisema.

Kazimili akainama, akaweka mdomo kwenye mrija, akavuta mvuto mrefu. Akajifuta midomo kwa kidole.

"Rubisi ya nguvu hii. Nani kapika?"

"Ni mimi, mzee."

"Una mkono, mama. Nendeni kwa amani."

Walirudi wanaimba. Matiasi aliimba, na Idefonsi akaitikia, mtu ambaye hata kanisani huwa anafumba midomo. Felisita naye akapiga moyo konde, akajiambia lile swali lilikuwa swali tu.

Siku ya bodi ukumbi wa chuo ulijaa. Nje, vijana wa Wima walisimama kimya ukutani, kila mmoja na begi lake miguuni. Ineza aliwaona, akamshika mama yake mkono kwa nguvu. "Unaona, mama? Wamefungasha kweli. Akifukuzwa mmoja, wanatoka wote." Akawapungia mkono.

Ndani, Ineza na Zulfa walikaa benchi la mbele. Nyuma yao walikaa wazazi, Idefonsi na Felisita, na pembeni mzee Abdulkadiri, baba yake Zulfa, kanzu safi, tasbihi ikizunguka vidoleni. Alikuja peke yake. Aliwapa mkono wote wawili, akawaambia msijali, watoto hawa hawakuiba, hawakupigana, tuseme kweli tu.

Mwenyekiti wa bodi alikuwa mama mmoja mstaafu, Jovitha, aliyewahi kuwa muuguzi, na alikuwa na tabia ya wauguzi ya kutaka kuona kidonda chenyewe.

"Mimi nimesoma haya mashitaka mara mbili," alisema. "Uchochezi, utovu wa nidhamu. Sawa. Lakini walifanya nini? Mabinti, mlifanya nini?"

"Tulikaa darasani wakati wa kipindi," alisema Zulfa.

Watu wakacheka, na hata Jovitha akatabasamu. "Wewe, Ineza?"

"Na mimi nilikaa darasani, mama mwenyekiti. Halafu tukauliza mahindi ni ya nani. Hadi leo hatujajibiwa."

"Mahindi ni ya nani, mkuu wa chuo?"

Hapo Felisita aliona Kazimili ameshikwa. Alimwona kwa macho yake, jasho puani, ulimi unatafuta pa kwenda. Wajumbe wawili walikuwa wanatikisa vichwa. Mtoto wake anashinda! Mtoto wa Idefonsi, wa nyuma ya zahanati, anashinda mbele ya watu! Felisita alitaka kusimama apige vigelegele.

Kazimili akakohoa. "Mama mwenyekiti, mimi nisingependa kufika huku, lakini tusipoteze muda. Kosa lenyewe limeshakubaliwa. Wazazi wa Ineza walikuja kwangu na rubisi ya kuomba radhi. Wewe mwenyewe ni mtu wa huku, unajua maana yake. Walikuja na msemaji, na maneno yakasemwa. Mtu hapiki pombe kuombea kosa ambalo halipo."

Ineza aligeuka. Hakumtazama baba yake, alimtazama mama, na Felisita akaona anakumbuka ile asubuhi ya kuchuja, kikombe, kicheko, vyura.

"Mama mzazi," Jovitha aliuliza, na sauti yake ilikuwa ya huzuni. "Mlipeleka?"

Felisita alisimama. "Mama mwenyekiti, kwetu ile ni heshima tu. Haina maana kwamba..."

"Mlipeleka, au hamkupeleka?" Kazimili aliuliza.

"Tulipeleka. Lakini na wewe ulikunywa! Ukishakunywa yamekwisha, hupaswi kuyataja tena!"

"Nilikunywa, ndiyo. Na ndiyo maana nimemsamehe," Kazimili alisema. "Maneno yalisemwa? Kwamba mtoto amekosa?"

Angeweza kukana. Lakini Matiasi alikuwa amesema, na mumewe amesema, na yeye kwa kinywa chake amesema. "Yalisemwa," alijibu, akakaa.

Baada ya hapo hata nusu saa haikupita. Kwa kuwa kosa limethibitika, na kwa kuwa wazazi wa mmoja wamelikiri na kuomba radhi, Ineza anasamehewa, arudi darasani leo hii. Zulfa, ambaye hakuna aliyemwombea radhi kwa kosa hilo hilo, anafukuzwa chuo. Jovitha alisoma uamuzi huo haraka haraka, macho kwenye karatasi.

Pale nje, mzee Abdulkadiri alisimama karibu na Felisita, anakunja miwani yake. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo.

"Mngenidokeza, mama," alisema. "Sisi pombe hatunywi, lakini ningekuja hata na halua. Mimi nilidhani tunaitwa kuja kusema kweli."

"Baba Zulfa, sikujua. Wallahi sikujua," Felisita alisema, akiapa kwa kiapo kisicho cha dini yake.

Vijana ukutani walikuwa wanamtazama Ineza. Walikuwa wanangoja aokote begi la Zulfa, waokote na yao. Ineza akaja mbele ya baba yake, karibu sana.

"Baba, mimi natoka na Zulfa. Tuliahidiana."

Idefonsi hakufoka. Laiti angefoka, mtoto angepata pa kushindania. Alisema tu, taratibu, kama anauliza njia: "Wewe ukitoka utakwenda kwa kina Zulfa. Watakupokea, ni watu wema. Mimi Shibuda akiandika hanifahamu, nitakwenda wapi? Ng'ambo? Ng'ambo simjui mtu hata mmoja, mwanangu. Nitashuka kwenye gari nimwambie nani shikamoo?"

Ineza akamgeukia mama yake. "Mama. Sema wewe."

Neno lilikuwa moja tu, na Felisita alikuwa nalo mdomoni. Nenda. Mtoto alikuwa na haki, kila mtu pale alijua ana haki. Alimtazama Zulfa akijifunga mtandio upya, akamtazama na mumewe, ambaye macho yake yalikuwa chini, anangoja.

"Kaa, mwanangu," alisema.

Ineza alitikisa kichwa, kukubali. Alimwendea Zulfa, akanyoosha mikono. Zulfa akamkumbatia, lakini haraka, kama watu wanavyokumbatiana msibani wakati foleni ni ndefu, akamfuata baba yake getini. Vijana walibaki wanatazamana. Mmoja akaokota begi lake akaelekea bwenini. Kisha wa pili. Kengele ilipolia, ukutani hapakuwa na mtu.

Idefonsi alitaka kumwona mtoto akiwa darasani kabla hawajaondoka, ili roho yake itulie. Wakazunguka, wakasimama mbali kidogo na dirisha. Mwalimu alikuwa anaandika ubaoni. Ineza aliingia, akaomba radhi kwa kuchelewa, akakaa mwisho wa benchi la watu watatu. Wasichana wawili waliokuwapo wakatazamana. Wakakusanya madaftari yao, wakahamia nyuma, wakajibana na wengine.

"Tazama, mama Ineza," Idefonsi alinong'ona, na uso wake wote ulikuwa unang'aa. "Wamempisha. Wamempa benchi zima peke yake."

"Ndiyo," Felisita alisema. "Wamempa."